Mapazia ya Mnara wa Taa

Ilikuwa asubuhi ya kawaida, mawingu yametanda, na kaka yake alikuwa akidanganya watu tangu walipomaliza chai.

Dada mtu, mwalimu wa fizikia, alisimama nyuma ya wageni, juu kabisa ya mnara wa taa ya kuongozea meli, akimsikiliza. Kaka huyo mtaani walimwita Msomi, kwa sababu chuo kilimshinda mapema. Mnara ulikuwa umegeuzwa makumbusho, naye alikuwa meneja wa muda. Wageni hawa wa bodi wakivutiwa, cheo kingekuwa chake moja kwa moja. Ndiyo maana alikuwa amejitungia marehemu.

"Mke wa mlinzi wa taa," alisema, sauti ameishusha kama mganga wa redioni, "aliungulia hapa hapa, mumewe aliposahau kufunga mapazia."

Hakukuwa na mke yeyote. Msomi alimtunga mezani, mdomo umejaa. Mapazia ndiyo yalikuwa ya kweli. Usiku, lenzi kubwa iliyokuwa katikati ya chumba iliukusanya mwanga wa taa na kuurusha mbali baharini. Mchana ingekusanya jua na kuwasha moto, ndiyo maana walinzi wote waliifunika kila alfajiri.

Msomi akayashika mapazia.

"Kaka, acha," dada alinong'ona.

"Jua liko wapi, mwalimu? Kafundishe watoto."

Akayafungua, akaipa lenzi mgongo. "Haya, mama. Jitokeze uwasalimie wageni."

Wakacheka kwa adabu.

Lenzi ikaanza kuzunguka. Polepole. Mzigo wa chuma ulioizungusha kwa kushuka shimoni uliuzwa zamani kama chuma chakavu. Dada alichungulia. Shimo lilikuwa tupu.

Ndani ya lenzi alikuwemo mwanamke. Kichwa chini, miguu juu. Anakaribia.

"Nani anaungua?" mgeni mmoja alinong'ona.

Nje hakukuwa na jua. Shati la Msomi lilifuka moshi mgongoni. Bado anatabasamu, mjinga yule, akidhani wanamshangaa yeye. Kisha akaanguka.

Dada akavuta mapazia. Upande wa pili wa mapazia, ambako hakukuwa na mgeni yeyote, mtu akamsaidia kuvuta.

Cheo kilimfuata Msomi wodini. Akakikataa, mtu ambaye hakuwahi kukataa hata sifa za uongo. Muuguzi alipofungua bandeji, dada alikiona kidonda mgongoni: chapa ya kiganja cha kushoto, vidole vyote, na kwenye kidole kimoja alama ya pete.

Pete hiyo Msomi hakuwa ameitunga.