Wimbo Ulioimbwa kwa Sukari

Kila Jumamosi, Thirza Colvin akishamaliza kuosha ndoo za maziwa, alivuka barabara kwenda kwa mjomba wake kufuta vumbi kwenye kinanda na kunakili nota. Alikuwa na miaka kumi na miwili, na hapakuwa na mtu pale kijijini Marlow Falls mwenye mwandiko mzuri kama wake. Na hilo alilijua vizuri sana, wala hakuhitaji kukumbushwa.

Mjomba Orrin alikuwa mtunzi wa nyimbo za shule ya Jumapili. Maneno hakuandika yeye. Yalimjia kwa posta kutoka kila kona ya Ohio, mengi yakiwa na majina ya kubuni, maana waandishi wa nyimbo za dini walikuwa na tabia hiyo. Yeye aliyatilia sauti. Sasa sikia alivyopima wimbo mpya: aliwafundisha watoto nyumbani kwake Jumamosi mchana, akawaruhusu waende, kisha akajibanza nyuma ya ua karibu na geti kusikiliza wanaondoka wakiimba nini.

"Wimbo usiotoka getini na mtu," alisema, "siuweki kitabuni."

Mwaka ule wa 1876 kitabu chake cha nyimbo kilikuwa kimebakiza ukurasa mmoja, na nyimbo zilizobaki zilikuwa mbili. Wa kwanza ulikuwa wa Bi Amsden, mjane aliyefua nguo za watu, na ulihusu mkate wa jana unaotosha hata leo. Wa pili ulihusu nyota na viti vya enzi, na mwandishi wake alijiita Rosamond Vale. Huyo Rosamond Vale alikuwa Thirza mwenyewe. Aliuandika kwa mwandiko wa kupindapinda makusudi, akampa mwendesha mkokoteni wa maziwa barua akaitie posta mji wa pili, na mjomba hakushuku kitu.

Tatizo ni kwamba Thirza hakuweza kungoja bahati. Kabla ya mazoezi aliwafuata watoto wanne nyuma ya kanisa, mfukoni ana vipande vya ile sukari guru inayochemshwa kutoka kwenye maji ya miti.

"Mkipita getini, imbeni ule wa nyota."

"Kwa kipande kimoja?" Obed Tuttle aliuliza. "Una mchezo wewe."

"Vitatu."

"Vitatu nakupigia na mluzi juu yake."

Basi wakapita getini, wanne wote, nyota juu ya nyota. Mjomba Orrin akaingia ndani anasugua mikono.

"Tumepata, mwanangu. Huyu Bi Vale ana kipaji. Jumatatu treni ya asubuhi inaupeleka kwa mpiga chapa."

"Na wa Bi Amsden?"

"Utangoja. Labda kitabu kingine, kama kitakuwepo."

Thirza alifika nyumbani anaelea kwa furaha. Lakini jikoni alimkuta mdogo wake Lovina anamenya maharage, na anaimba. Anaimba ule wa mkate. Lovina hakupewa sukari na mtu. Mara Obed naye akapita nje anaswaga ng'ombe, mdomoni ana wimbo uleule wa mkate wa jana.

Thirza akatoka mbio. "Obed, si nilikupa vitatu?"

"Nimeshakula. Huo wako hata sikumbuki unaanzaje."

Kabla hajajibu, Bi Amsden akafika na kikapu cha mashati yaliyopigwa pasi. Mikono yake ilikuwa myekundu kwa sabuni. "Thirza, mama, mjomba wako amesemaje kuhusu wimbo wangu? Niambie tu, nimeshajiandaa."

Thirza alimwacha palepale na kikapu chake. Alivuka barabara.

"Mjomba, niliwapa sukari waimbe," alisema akiwa bado mlangoni. "Na Rosamond Vale ni mimi."

Mjomba aliweka kalamu chini. Kisha akafungua droo ya chini. Ilikuwa imejaa karatasi mpaka inakwama.

"Hizi zote ni nyimbo zenye maneno yangu mwenyewe," alisema. "Hakuna iliyotoka getini. Mama yako asizione, atanicheka mwaka mzima." Akaifunga kwa goti. "Kuandika wimbo mbaya si kosa, Thirza. Wimbo mbaya unarekebishwa. Wewe umenidanganya masikio, na masikio ndiyo kazi yangu. Ukamnyang'anya mtu nafasi aliyoipata kwa haki. Unachopata kwa hila hakikai. Umeona mwenyewe, sukari imeisha na wimbo umeisha."

"Nifanye nini sasa?"

"Keti unakili wa Bi Amsden, kwa huo mwandiko wako. Ukimaliza, nenda kamwambie kila kitu kwa mdomo wako. Halafu wiki ijayo uniletee ule wa nyota, tuone kama kuna mstari wa kuokoa."

Alinakili taratibu, bila kosa hata moja. Kisha akatoka kwenda kwa Bi Amsden, na hatua chache baada ya geti akagundua kwamba anaimba ule wa mkate.

Nyuma ya ua, mtu alikohoa kuficha kicheko.