Mashine ya Puge Iliyopoa

Unga ulianza kutoka wa baridi. Wanawake wa kijiji kimoja cha ujamaa karibu na Puge waliukinga kwenye ungo wakatazamana, maana unga wa mashine hutoka na moto wa kuunguza vidole. Huu ulikuwa baridi kama uliolala mtungini, tena ulinuka jasho la mwanamume aliyetembea mbali.

"Si ndiyo kazi safi hiyo!" Damas aliwaambia, akicheka.

Damas ndiye aliyeiendesha mashine. Alikuwa mtu wa Lusu, aliletwa na lori wakati wa kuhamia vijijini, na ubishi wake akaja nao. Mashine ile haikuwa na tangi la maji. Ilipozwa na upepo wa feni yake tu. Foleni ya mahindi ilipozidi, aliamua kuiongeza mwendo kupita ilivyopangiwa kiwandani. Na hakukurupuka, tusimsingizie. Alisugua vumbi na masizi kwenye mabati ya kupitishia upepo, akakaza springi ya mwendo kidogo, akasaga debe moja, akagusa chuma kwa kiganja, ndipo akakaza tena. Balaa lilikuwa ukutani. Ili feni ipate hewa, alitoboa dirisha upande wa njia ya zamani ya wapagazi, na kijijini pale hapakuwa na nyumba hata moja iliyofungua dirisha upande huo. Aliambiwa. Akajibu kwamba ushirikina haujengi taifa.

Tangu hapo, kila alipokaza springi chuma kilizidi kupoa, na aliyechemka ni Damas mwenyewe. Mkewe, Marcelina, alimkanda kwa kitambaa cha maji. Kitambaa kikakauka mkononi.

"Baba Veneranda, acha kusaga," alimnong'oneza. "Utakufa, mume wangu."

"Nilishazima tangu asubuhi. Hebu sikiliza."

Marcelina akasikiliza. Kule kibandani mashine ilikuwa inakwenda yenyewe, haina mtu, haina mahindi, na ndani ya mlio wake walihema watu wengi kwa pamoja, kuhema kwa watu waliobebeshwa mizigo kupita nguvu zao, wakija, wakija, mpaka ikawa kana kwamba wanahemea mlangoni pake. Ee Mungu wangu!

Bila kumwambia katekista wa kanisa lao, alipanda basi hadi Tabora, mtaa wa Kanyenye, kwa Ghalibu, Mwarabu mzee aliyejulikana kwa kupunga majini.

"Shikamoo, Sheikh."

"Marahaba, binti yangu. Sema polepole."

Alipokwisha kusema, Ghalibu naye alishusha sauti. "Huyo ni jini wa njia. Zamani alikula joto la wapagazi waliochoka. Sasa anachota joto la mashine, analitia kwa mumeo. Anampika, binti yangu, apate kumla. Legeza springi irudi ilivyokuwa, kisha uzibe dirisha. Lakini usilizibe jua likiwa utosini! Saa hizo yumo ndani ya kibanda, amepumzika, na ukimzibia njia atatafuta pengine pa kukaa. Subiri alasiri, akishatoka. Umenielewa?"

"Nimekuelewa."

Alielewa, maskini. Lakini alifika nyumbani kesho yake jua likiwa utosini, akamkuta Damas hamtambui, midomo imepasuka, mkeka chini yake unaanza kunuka kuungua. Wewe ungesubiri alasiri? Marcelina hakusubiri. Alikimbilia kibandani akalegeza springi, akakumba udongo kwa mikono miwili, akaushindilia dirishani pamoja na mawe, huku nyuma yake mtu mmoja anahema, anahema taratibu shingoni pake, naye hageuki, anashindilia tu, mpaka mwanga ukakatika na mashine ikanyamaza.

Nyumbani alimkuta Damas ameketi. Homa imekwisha! Marcelina alipiga kigelegele, akalia, akamkumbatia. Mwili wake ulikuwa wa baridi kidogo, akadhani ni jasho. Akampikia uji. Damas aliushika ukiwa bado unatokota, akaunywa kwenye sufuria bila kupuliza, wote, akafuta mdomo.

Kisha akamshika mkewe kifundo cha mkono. Marcelina alijaribu kuuvuta mkono, haukutoka.

"Una joto zuri," alimwambia, na sauti haikuwa ya Damas. "Sogea."