Ua Katikati ya Nyumba

Kila alipotoka shule, Chiriku aliketi mezani kwa mama yake, mchoraji wa ramani za nyumba, akamsaidia kukata maboksi ya kutengenezea vinyumba vya mfano. Jina hilo alipewa kwa domo lake, lakini wiki ile alikuwa kimya. Nyumba iliyokuwa mezani ilikuwa ya mama mkubwa.

Kiwanja chenyewe kilikuwa chembamba, kimebanwa na kuta za majirani huku na huku. Ndiyo maana mama alipanga kuwe na ua mdogo katikati, usio na paa, ili chumba cha binti wa mama mkubwa kipate mwanga. Chumba chake peke yake! Chiriku alikuwa akilala sebuleni, kwenye kochi. Alimwonea wivu.

"Mwanangu, nakimbia dukani kuchukua soda za wageni," mama alisema. "Malizia paa, halafu uweke ule ua katikati. Wasipoipenda nyumba, kazi watampa mtu mwingine."

Mama alipotoka tu, Chiriku alikificha kile kipande cha ua chini ya maboksi, akaezeka nyumba nzima. Kisha akakata ua jekundu la karatasi, akalibandika juu ya paa. Roho yake ikatulia kidogo.

Mama alirudi pamoja na mama mkubwa na binti yake. Mama mkubwa akainama kuchungulia kwenye mlango wa kile kinyumba. "Mdogo wangu, mbona giza totoro? Mwanangu atasomaje humu? Labda nitafute mchoraji mwingine."

Mama alilitazama paa. "Chiriku, ua uko wapi?"

"Si lile pale juu? Ulisema niweke ua."

"Nilisema ule ua, sikusema lile ua. Na Kiswahili unaongoza darasa zima! Usinifanye mtoto."

Chiriku alimwona mama akianza kukunja ramani zake, machozi yakamlengalenga. "Nimemwonea dada wivu," alisema. Alibandua paa la katikati, akauweka ua mahali pake.

Mama mkubwa alichungulia tena. "Hapo sasa! Kazi ni yako, mdogo wangu."

Wageni walipoondoka, mama alimwambia, "Ulitaka kumnyima dada yako mwanga, nusura utunyime sisi riziki. Siku nyingine ukiona wivu, niambie."

"Basi nakuambia, mama. Hata sasa ninao."

Mama alicheka, akamvuta karibu. "Vizuri. Afadhali uniambie kwa mdomo kuliko kwa mkasi."