Sakafu ya Bibi Natalia

Kila Jumamosi, akishamaliza kufua na kusugua masufuria, Agatha alikwenda kwa mama yake na kunyoosha mkono bila kusema neno. Mama alijua anachotaka.

"Ukiidondosha, utaila," alimwambia, na kumkabidhi simu yake.

Agatha alisoma darasa la sita katika shule moja ya pembezoni mwa mji wa Mpanda, upande wa Kakese, na kusema kweli alijua kupiga picha. Wenzake walipiga vidole vyao wenyewe na nusu ya kichwa cha mbuzi. Yeye alichuchumaa, akasubiri mwanga ukae vizuri, akabonyeza mara moja tu, na picha ikatoka safi. Alijua kwamba anajua, na maringo kidogo yalikuwepo.

Mwalimu Anicet, mlezi wa klabu ya historia, alikuwa amewataka wanafunzi wapige picha za mahame, yaani mahali ambapo watu waliishi kisha wakahama. Picha moja tu ingechapishwa kubwa na kutundikwa Siku ya Wazazi. Agatha aliitaka nafasi hiyo kuliko kitu kingine chochote.

Aliyejua pa kwenda ni rafiki yake Kabula. Baba yake Kabula, Mzee Ngolo, alikuwa mfugaji wa Kisukuma aliyehamia Katavi na ng'ombe wake. Wadogo zake Kabula walikuwa bado watoto mno, kwa hiyo siku zisizo za shule Kabula ndiye aliyechunga, na nyika yote aliijua.

"Kuna kambi ya zamani ya wachimba madini," Kabula alimwambia. "Kuta zipo, paa hamna. Twende, nitakuacha pale, mimi niendelee na ng'ombe."

Kilikuwa kiangazi kikali. Majani yalikuwa yameshaungua, vumbi jekundu limelala kila mahali, na hata ndege walikuwa kimya. Kambi ilipotokea mbele yao, Agatha alisimama. Nyumba zilikuwa wazi juu, madirisha hayana fremu, mti umeota katikati ya ukuta na kuupasua. Toroli la chuma lilikuwa limezama ardhini hadi nusu.

"We Kabula! Huku kote ulikuwa unanificha?"

Kabula alicheka, akapiga mluzi na kuondoka na ng'ombe wake.

Nyumba kubwa kuliko zote ilikuwa imezibwa mlangoni kwa matawi ya miiba. Agatha aliyavuta pembeni, akaingia. Ndani kulikuwa na sakafu ya saruji, pana na laini, na jua liliingia moja kwa moja kutoka juu. Lakini juu ya sakafu ile palitandazwa turubai lililojaa makopa, vile vipande vya muhogo vinavyoanikwa kabla ya kusagwa unga wa ugali.

Alipiga picha. Akaitazama, akakunja uso. Makopa yalikuwa yanaharibu kila kitu. Nani angeamini kwamba hapa ni mahame wakati pananukia jikoni?

Basi akalishika turubai kwa ncha zake, akaliburuta hadi nje, nyuma ya ukuta. "Nitayarudisha sasa hivi," alijiambia. Akafagia kwa tawi, akapiga tena. Safari hii picha ilimpendeza mpaka akacheka peke yake: ukuta uliopasuka, kivuli cha mti, sakafu tupu isiyo na mtu. Simu ikalia kuonyesha kwamba chaji inakwisha. Akakimbilia toroli kabla simu haijazima, kutoka hapo akaenda kwenye kisima cha zamani, na kutoka kisimani akashika njia ya nyumbani, akiwa na furaha tele. Makopa aliyasahau kabisa.

Alasiri ng'ombe wa Mzee Ngolo walipita pale wakienda kunywa maji. Kabula alitangulia mbele, wao wakabaki nyuma wakijilia.

Wiki iliyofuata Mwalimu Anicet alitangaza mbele ya darasa kwamba picha iliyochaguliwa ni ya Agatha. Aliyepiga makofi kwa nguvu kuliko wote alikuwa Kabula. Lakini wakati wa mapumziko Agatha alimkuta nyuma ya darasa, macho mekundu.

"Una nini?"

"Bibi Natalia, yule mwenye shamba kule kambini, anasema ng'ombe wetu wamemlia makopa yake. Anasema mimi ndiye niliyetoa miiba. Nimeapa mbele ya baba, hata yeye hanisadiki." Kabula alifuta pua kwa mkono. "Ile njia ya kwenda maji inapita shambani kwake, sasa anataka kutufungia. Tukizunguka kule mbali, baba anasema itabidi niache shule nichunge kila siku. Lakini usijali, nimefurahi picha yako imeshinda. Si nilikupeleka mimi?"

Agatha aliona haya hata kumtazama rafiki yake. Kengele ikalia, na wakaingia darasani.

Siku ya Wazazi ilikuwa kesho yake. Picha ilitundikwa ukutani, kubwa, na chini yake imeandikwa *Mahame*. Wageni waliizunguka. "Mtoto ana macho huyu!" walisema, na mama yake Agatha alikaa wima kwenye benchi, kitenge kipya begani, akiwaangalia watu waone kwamba huyo ni wake. Mzee Ngolo alikaa mwisho wa safu, na Bibi Natalia mwanzo wa safu hiyohiyo, wala hawakusalimiana.

Mwalimu Anicet akamwita Agatha aieleze picha yake. Hakuna aliyekuwa anamshuku. Angeweza kusema maneno mawili matatu, apigiwe makofi, akae. Akamwona Kabula katika safu ya wanafunzi, mikono tayari imeshainuliwa kwa makofi.

"Mwalimu, picha hii si ya kweli," alisema.

Agatha alimwomba mama yake simu, akatafuta ile picha ya kwanza, akampelekea Bibi Natalia mkononi.

"Shikamoo bibi. Hivi ndivyo nilivyokuta. Miiba niliitoa mimi. Makopa niliyaburuta nje ili sakafu ionekane tupu, halafu nikasahau kuyarudisha. Kabula hakujua chochote." Akapiga goti. "Nisamehe bibi. Na wewe Kabula, nisamehe."

Bibi Natalia aliitazama simu. Kisha akainuka, akapita mbele za watu wote mpaka kwa Kabula, akamshika mikono.

"Nimekusingizia, mwanangu. Nami ni mtu mzima. Unisamehe." Akamgeukia Mzee Ngolo. "Baba Kabula, njia ipo. Piteni kama zamani."

Mzee Ngolo alivua kofia. Alimtazama binti yake, akasema kwa sauti nzito, "Mimi pia nimekukosea, Kabula. Uliapa, nikakataa kusikia." Kabula alilia upya, lakini kilio hiki kilikuwa kingine.

Mwalimu Anicet aliishusha picha, na msumari ukabaki mtupu. Agatha alirudi kukaa karibu na mama yake akisubiri kugombezwa. Mama hakumgombeza. Alimvuta, akamfunika bega kwa kile kitenge kipya. "Jumamosi utakwenda kumenya mihogo ya watu," alimnong'oneza, "ila leo umenifanya nijivune."

Jumamosi alikwenda, na Kabula akaja naye. Walimenya mpaka vidole vikauma, wakatandaza makopa kwenye sakafu ile pana, wakarudisha miiba mlangoni na kuikagua tena. Bibi Natalia alikwenda nyumbani kwake, hapo jirani, akarudi amevaa gauni la kanisani.

"Umekuja na simu? Nipige na mimi."

Alisimama katikati ya kuta zake, makopa miguuni, kidevu juu. Agatha alichuchumaa, akasubiri mwanga, akabonyeza mara moja.

"Macho unayo, mjukuu wangu," Bibi Natalia alisema akiitazama. "Na ulimi wa kusema kweli tumeuona, usiupoteze. Ila siku nyingine ukikuta kitu kimewekwa mahali, jua kuna mtu alikiweka."

Picha hiyo ndiyo Mwalimu Anicet aliyoitundika kwenye ule msumari. Alipomuuliza Bibi Natalia chini yake paandikwe nini, bibi hakufikiri hata kidogo.

"Andika: *Kwa Natalia*. Anayetaka kuingia apige hodi."