Besi Aliyekatazwa Kusema

Mimi nafahamu Kilatini kuliko mapadri wote wa Kisangani. Bon, nafahamu neno moja, amen, na hata hilo wananiambia si Kilatini. Lakini mambo ya Félicité nayajua vizuri: mama yake ni jirani yangu, na ukuta wetu ni mwembamba.

— Tonton, umungojee Hugues kidogo, Félicité alikuwa analia upande ule. Sauti yake itarudia.

— Nangoja tangu Pasaka, akajibu Tonton Léon, ndugu ya mama yake. Mwanaume anasimama mbele ya familia, anasema kwa kinywa chake: namutaka huyu. Wewe uko unanionyesha message. Donc nitaoza mutoto kwa telefone?

Akampa mpaka Jumapili. Hugues asiposema, neno la familia la kukubali ndoa linarudishwa.

Huyo Hugues ni besi katika kikundi cha watu wanne wanaoimba nyimbo za Ulaya ya kale, za zamani za wafalme, bila ngoma wala gitaa. Kila sauti inashika njia yake, halafu mwishoni zinakutana kama bibi na bwana waliochoka kugombana. Félicité anaimba juu, Chimène anamfuata, Papa Dominique, mwalimu wao, wa tatu, Hugues chini kabisa. Tangu Pasaka amefunga shali shingoni, na joto letu hili, eti docteur amemkataza kusema. Félicité amechemsha tangawizi, ameagiza asali kutoka Yangambi, amefunga na kusali mpaka sketi yake inashikwa na pini.

Jumamosi asubuhi akamwandikia:

"Sema tu namutaka. Hata polepole. Niko nakuomba."

Jibu likaja:

"Chérie, nikilazimisha, itakufa kabisa. Hauipendi sauti yangu?"

Akaona haya kwa kuomba. Akanawa uso, akaenda kwenye répétition, mazoezi ya kikundi, katika darasa moja la mtaa wa Makiso. Hugues alikuwepo na shali yake, anasikiliza tu.

Wiki ile Papa Dominique alikuwa ameleta wimbo mpya. Kazi yake iko hivi: watu wanarekodi wimbo na kuacha sauti moja, halafu mwenye sauti ile anajifunza kwa kuimba ndani ya shimo. Telefone ya Félicité haikuwa na chaji, basi akachukua ya Chimène kwenye benchi ili asikilize shimo lake. Akabonyeza.

Zikatoka sauti mbili tu za wimbo ule mpya: Chimène, na chini yake besi, nzito, nzima, haina hata kikohozi. Halafu wimbo ukakatika.

— Mon amour, hapo umeshuka, besi ikasema ndani ya telefone. Rudia.

Chimène akainamisha kichwa. Félicité akarudisha telefone kwenye benchi.

— Papa Dominique, wimbo huu ulifika lini?

— Jumatatu, mwanangu, mzee akajibu, anaangalia viatu vyake.

Félicité akamgeukia Hugues. Hata pale, maskini, alikuwa bado anaomba.

— Niambie ni mutu mwingine. Andika tu. Nitaamini.

Hugues akasimama, akang'oa shali.

— Félicité, haki ya Mungu, ile sauti haiko yangu, akasema, kwa besi iliyosikika mpaka barabarani.