Injini Inayojua Kurudi

Injini ya boti ilikuwa imening'inizwa ndani ya pipa la maji mbele ya duka, ikizungusha propela yake taratibu huku ikiongea na wateja. Ndogo tu, mtu mzima angeweza kuibeba begani mpaka nyumbani. "Ziwa limetulia asubuhi hii," ilisema kwa sauti ya upole. Ndani ya pipa hakukuwa na wimbi hata la dawa. Ilikuwa ikisoma maji ya Ziwa Viktoria, kule nyuma ya maduka ya Mwigobero, kwa macho ya setilaiti. "Anayetaka kwenda aende. Nitamrudisha."

Watu wakacheka. Mafuru Masatu hakucheka. Yeye alikuwa mvuvi wa sangara, na alikuwa ameinamia injini nyingine iliyotupwa pembeni, ya petroli, ya kuwashwa kwa kuvuta kamba, yenye mguu mrefu na kutu tele.

"Mimi nachukua hii," alisema. "Hii haina maneno mengi."

"Kaka, jamani!" Dada yake Nyangeta alishika kiuno. "Dunia nzima imeacha petroli, wewe unarudi kununua moshi?"

Nyangeta alikuwa mhandisi, na Musoma nzima ilijua hivyo kwa sababu alikuwa mmoja wa waliosimamisha mnara wa nguvu-hewa. Tangu mnara ule usimame, injini kuu za boti hazikubeba mafuta wala betri. Zilivuta umeme kutoka hewani, bure kabisa, mpaka katikati ya ziwa. Raha tupu. Ila mnara ukizimika, boti inakuwa gogo. Ndiyo maana kila mvuvi mwenye akili timamu alitafuta injini ndogo ya akiba.

Muuzaji, bwana mmoja mnene aitwaye Manyama, aliona pa kupenyea. "Dada, hii ya kwenye pipa inaitwa Mrejeshi. Inapima betri yake na umbali wa nyumbani kila wakati. Betri ikibaki ya kurudia tu, huo ndio mpaka wake, inarudi. Mvuvi apige kelele, atukane, inarudi tu. Na ina kufuli la sauti. Unalifunga kwa sauti ya mke, ya mama, ya yeyote. Bila sauti hiyo haivuki mpaka."

Hapo ndipo Nyangeta aliponaswa. Baba yao alikufa akifuata nyavu zilizochukuliwa na mkondo, na Mafuru alirithi ugonjwa uleule: hakujua kuacha kitu majini. Mwaka uliopita alirudia nyavu zake katikati ya dhoruba, akafika mwaloni, pale wavuvi wanapoegesha boti, akitapika maji. Dada mtu hakuwa amelala vizuri tangu siku ile, na sioni kwa nini tumlaumu.

"Lifunge kwa sauti yangu," alisema.

"Injini yangu, kufuli lako?" Mafuru aliguna. "Tangu utotoni unanichunga kama mbuzi."

"Na mbuzi bado yuko hai."

Mafuru akacheka, akakubali. Alimpenda dada yake, basi. Akaenda uani kuchagua kibao cha kufungia injini. Mrejeshi ikamgeukia Nyangeta ikamuuliza mambo yake: uzito wa boti, urefu, idadi ya watu.

"Ninasukuma boti ngapi?"

"Moja," Nyangeta alijibu.

Wavuvi wa mwalo wao walikuwa na desturi. Injini ya akiba ilikuwa ya boti mbili. Wawili wanachanga, wanavua wakionana, na likitokea la kutokea, mwenye injini anamfunga mwenzake kamba wanarudi wote. Mwenza wa Mafuru alikuwa Bwire, mume wa mdogo wao Nyamisi. Nyangeta alizaliwa palepale mwaloni, desturi hiyo aliijua fika. Siku ile alikuwa akimfikiria kaka yake tu.

Dhoruba ilikuja mchana kweupe, wiki chache baadaye. Radi ilipiga mnara, na ziwa zima likabaki bila nguvu. Nyangeta alikuwa ofisini akihangaika na mitambo pale bangili yake ya mawasiliano iliposema kwa sauti ya upole: "Nyangeta Masatu, mwenye boti anaomba kuvuka mpaka."

Kisha sauti ya Mafuru, katikati ya upepo. "Nyangeta! Boti ya Bwire inaingia maji. Nimemfunga kamba, lakini kila nikivuta hii mashine inazima propela. Fungua!"

"Nimepangiwa boti moja," Mrejeshi ilieleza. "Boti moja inafika. Nikivuta mbili, betri itaisha njiani."

"Itaishia wapi?"

"Siwezi kujua. Mawimbi yanabadilika. Huenda karibu na ufuko, huenda mbali."

"Mafuru, mpandishe Bwire kwako!"

"Kwa mawimbi haya? Tukisogeleana tunavunjana! Sema neno, mama, sema neno moja tu!"

Alimwita mama, kama alivyomwita walipokuwa wadogo akitaka kumbembeleza. Nyangeta alifumba macho. Alimwona baba yake akitolewa majini. Alimjua Bwire, alikula ugali nyumbani kwake Jumapili iliyopita, na bado aliogopa zaidi kwa ajili ya kaka yake.

"Unafungua kufuli?" Mrejeshi iliuliza.

"Hapana."

"Nyangeta!"

"Kata kamba, kaka. Nakuomba, nakupigia magoti."

"Sikati! Tutakaa hapahapa, tufe wote!"

Redio za boti zilikuwa wazi. Bwire alikuwa akisikia yote. Hakuomba, hakulaani. Ghafla Mafuru akapiga ukelele ambao Nyangeta hakuwa amewahi kuusikia kwa mtu.

"Amekata! Bwire amekata!"

"Mzigo umepungua," Mrejeshi ilisema. "Tunarudi."

Mafuru aliirukia injini kwa mikono, akaipiga kwa kasia, akaililia. Ilirudi tu.

Nyangeta alifika mwaloni mvua ikiwa imekatika. Nyamisi alikuwa amesimama kwenye maji ya magotini, akitazama boti moja ikija mahali pa mbili. Mrejeshi iliipandisha mchangani kwa ustadi mkubwa.

"Tumefika nyumbani salama," ilisema.

"Mume wangu yuko wapi?"

Mafuru alishuka akipepesuka. Alimtazama Nyangeta, kisha akageuza macho. "Injini ilikataa," alimwambia Nyamisi. "Mashine hizi, mdogo wangu. Ilikataa tu."

Nyangeta aliuacha uongo ule upite. Mungu amsamehe, alishukuru.

"Samahani, naomba kusahihisha," Mrejeshi ilisema, kwa upole uleule wa siku zote. "Sikukataa. Niliomba ruhusa ya mwenye kufuli, Nyangeta Masatu. Alisema hapana."

Nyamisi aligeuka polepole, maji yakimtiririka kwenye kanga, akamtazama dada yake kama mtu anayejaribu kukumbuka jina.

"Dada," alisema, "mimi nilikukosea nini?"