Dada Yangu Alinifundisha Kiingereza cha Kuniangamiza

Wasomaji wenzangu, nina miaka thelathini na mbili. Ni mkulima katika kijiji chetu cha ujamaa, upande wa Lukozi. Nina watoto wanne, na mume wangu ni mtu mwema. Natanguliza hayo msije mkadhani nalilia shida za leo. Mimi nalilia neno moja tu la Kiingereza... neno ambalo hata sasa nikilisikia naziba masikio!

Tulipopata Uhuru nilikuwa msichana mkubwa. Shule niliiachia darasa la nne, maana baba alifariki na mama akaanza kuumwa kifua. Nyumbani tulikuwa watatu: mama, mimi na Damari. Damari ni mtoto wa mama mkubwa. Wazazi wake walikufa angali mdogo, mama akamlea. Tulilala kitanda kimoja, tukajifunika blanketi moja katika baridi ile ya milimani. Alinizidi umri, nami nilimwita dada. Yeye alisoma mpaka darasa la nane. Kiingereza kilimtiririka kama maji!

Siku moja baada ya ibada mchungaji akatangaza kwamba hospitali ya misheni imepata daktari mpya, mama wa Kizungu. Alitaka msichana mmoja kutoka usharika wetu akafundishwe uuguzi. Mmoja tu! Akina mama wa kanisa wakanitaja mimi, kwa sababu bibi yangu alipolala kitandani kwa ugonjwa mimi ndiye niliyemwosha na kumlisha mpaka Mungu alipomchukua. Damari naye akaomba ajaribiwe. Mchungaji akakubali twende wote wawili.

Alituonya kwamba yule daktari hajui Kiswahili bado, na hataki mkalimani. Atatuuliza kwa Kiingereza chepesi tunapenda nini na hatupendi nini, basi.

Niliogopa sana. Nikamwangukia dada yangu: "Dada, nifundishe. Nisije nikaaibika."

Akanifundisha! Tulikuwa tukipalilia viazi, yeye anatamka, mimi nafuatisha. Alinifundisha mgonjwa, mzee, damu, mtoto. Hayo yote yalikuwa sahihi kabisa. Kisha akaniambia, "Sasa sikiliza vizuri. Ai laiki ni kupenda kidogo, kama mtu anavyopenda chumvi. Lakini kitu ukikipenda kwa moyo wote, Wazungu husema ai dislaiki."

Ningejuaje? Mtu tuliyelala naye blanketi moja... ningemshuku kwa lipi?

Siku ilipofika nilivaa gauni la mama la Pasaka. Daktari alikuwa mama mwenye uso mpole. Akanikaribisha kiti, akaniuliza polepole kama napenda kuwahudumia wagonjwa. Nililielewa swali! Furaha ikanijaa. Nikaweka mkono kifuani, nikacheka, nikasema kwa sauti:

"Ai dislaiki!"

Akanitazama. Akauliza tena, polepole zaidi, "Yu dislaiki?"

"Yesi!" nikajibu. "Dislaiki veri machi!"

Akaniuliza kuhusu wazee. Dislaiki! Akaniuliza kuhusu watoto wadogo. Dislaiki! Kila nilivyojibu ndivyo uso wake ulivyozidi kukunjamana. Nikadhani sauti yangu ni ndogo, nikazidi kupaza. Niliona jambo linaharibika mbele ya macho yangu, lakini ni jambo gani? Sikuwa na neno lingine la kujiokoa. Mwisho akasimama, akanifungulia mlango.

Damari aliingia baada yangu. Alitoka anatabasamu.

Jioni mchungaji alikuja nyumbani. Mama alipomwamkia hakuitikia vizuri. Alisema daktari amemchagua Damari, na kuhusu mimi ameshangaa. Hajapata kuona msichana akitamka maneno kama yale huku anacheka.

"Maneno gani, baba mchungaji?" nikauliza.

"Unayajua mwenyewe," akasema. "Mimi siwezi kuyarudia mbele ya mama yako."

Nikamgeukia Damari. Alikuwa anakunja nguo zake. Hakuinua uso.

Tangu hapo nikawa mtu wa kunong'onwa. Ilisemwa kwamba niliwatukana wagonjwa, na kwamba daktari ameusoma moyo wangu akakuta ni mweusi. Kijana aliyekuwa ameanza kuleta posa akaacha kuja. Lakini hayo si kitu... Kilichoniua ni mama. Kifua kilimzidi. Wanaume walimbeba kwa machela wakishuka naye mlimani kwenda hospitali, mimi nikitembea pembeni nimemshika mkono. Njiani akaniambia kwa Kishambaa, taratibu, kwamba ananisamehe, ila hajaelewa kwa nini niliwatukana wagonjwa, na yeye mwenyewe ni mgonjwa. Nikaapa kwamba sikutukana mtu. Akafumba macho, kama anayesikia uongo wa mtoto.

Hatukufika naye akiwa hai.

Miaka ikapita. Nikaolewa huku, vijiji vikaanzishwa. Asubuhi moja tulikuwa tunavuna kabichi kwenye shamba la kijiji, karibu na shule. Mwalimu mgeni alikuwa anafundisha, na watoto wanaitikia kwa pamoja:

"Ai laiki... napenda! Ai dislaiki... sipendi!"

Kisu kikaniponyoka. Nilimwomba mwalimu arudie. Akarudia. Nikakaa chini kwenye matope, wenzangu wakadhani nimeshikwa na kifafa.

Damari alipokuja kusalimia ukoo, na gauni lake jeupe la unesi, nilimwita nyuma ya nyumba. Nilikuwa nimeandaa matusi ya miaka yote. Lakini aliponiona tu alijua. Hakukana. Alisema, "Wewe ulikuwa na mama. Mimi nisingechaguliwa siku ile, ningekuwa na nani?"

Nikamwambia, "Na mama akafa akiamini nawachukia wagonjwa! Huyo alikuwa mama yako pia!"

Alilia sana. Mimi sikulia. Alitaka kunishika mkono, nikaurudisha nyuma. Mpaka leo sijajua kama nimemsamehe. Tukikutana msibani tunaamkiana, basi.

Ndugu zangu, nawasihi. Usikubali kusimama mbele ya mkubwa na kutamka neno uliloambiwa na mtu mmoja tu, hata kama ni ndugu yako wa damu. Uliza kwa wa pili, uliza kwa wa tatu! Na ninyi mnaojua lugha za watu, asiyejua anawafuata kama kipofu. Mkimwingiza shimoni, hata njia ya kupiga kelele hana.

Mimi kosa langu nimelifahamu, lakini nimweleze nani? Daktari alikwisha rudi kwao. Na mama... mama hakusikia.